CHOMBO HAKIENDI ILA KWA NYENZO: Somo la Gia za Baiskeli

Wahenga wetu wa pwani walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Walikuwa wakizungumzia mashua na ngalawa zinazovutwa kutoka mchangani hadi majini. Watu wakiwa na nguvu kama za ndovu lakini hawana nyenzo, chombo hakisongi. Leo ningependa kuitumia methali hii kwa chombo kingine ambacho wengi wetu twakijua, nacho ni baiskeli yenye gia. Baiskeli hii ina nyenzo zake mbili ndogo, moja ya mkono wa kulia na nyingine ya mkono wa kushoto. Anayezijua hufika shuleni hajachoka. Asiyezijua hutoka jasho, huharibu cheni, na siku nyingine huhatarisha maisha yake.

KWA NINI SOMO HILI

Shule yetu ni ya kutwa. Kila asubuhi twaja kutoka pande mbalimbali, na wengi wetu waja kwa baiskeli kwa sababu nauli ya matatu kila siku ni mzigo kwa wazazi. Zamani baiskeli iliyojulikana sana ilikuwa Black Mamba, ile nyeusi, nzito, yenye gia moja tu, ambayo hadi leo yabeba madafu, mikate na magunia ya makaa. Kuiendesha hakuhitaji somo. Wapanda, wakanyaga, wenda.

Lakini siku hizi baiskeli za mtumba zimejaa. Miongoni mwazo ziko zile za mashindano zenye matairi membamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Mwanafunzi hununuliwa baiskeli kama hiyo, huonyeshwa breki na kengele, kisha huambiwa, "Haya, nenda!" Gia hakuna anayemfundisha. Basi yeye huiacha cheni mahali ilipo, akaiendesha mwaka mzima kama Black Mamba. Au huvuta nyenzo ovyo ovyo hadi kitu kikatike.

Mwenzetu mmoja alikuwa akipanda mwinuko wa kutoka Kibarani kwenda Changamwe kwa gia nzito. Alipofika katikati aliona hawezi tena, akasimama juu ya pedali na kuvuta wenzo kwa nguvu zake zote. Cheni ikatoka. Miguu ikazunguka bure na baiskeli ikayumba kuingia barabarani. Nyuma yake palikuwa na trela lililobeba kontena. Dereva alikuwa macho, akafunga breki, na mwenzetu akatoka na goti lililochubuka tu. Je, kama dereva angekuwa anatazama kando? Ajali ile haikuletwa na uhaba wa nguvu. Kijana yule ana nguvu kutushinda sote. Alichokosa ni kujua ni wakati gani wa kubadilisha gia.

Hilo ndilo jambo kuu la makala haya, nami nalitaja mapema ili usiku wa leo ukisahau mengine yote hili likubaki: gia hubadilishwa kabla ya mlima, miguu ikiwa ingali myepesi. Haibadilishwi mlimani mtu akiwa ameshazidiwa.

MAJINA YA VITU

Kabla ya kwenda mbele, tuelewane kuhusu majina.

Sahani ya mbele ni lile duara lenye meno lililoshikamana na pedali. Baiskeli ya mashindano kwa kawaida ina sahani mbili, kubwa na ndogo.

Sproketi ni yale maduara madogo yenye meno yaliyopangwa kwenye gurudumu la nyuma, kuanzia kubwa lililo karibu na spoku hadi dogo lililo nje. Huwa matano, sita, na katika baiskeli mpya hufika kumi au zaidi.

Kihamisha cheni ni ule mkono wa chuma unaoisukuma cheni kutoka duara moja hadi jingine. Kuna cha mbele na cha nyuma. Cha nyuma kina vigurudumu viwili vidogo vya kuiweka cheni ikazane.

Wenzo wa gia ni kile kijiti unachokivuta au kukisukuma kwa kidole. Mafundi wengi hukiita leva. Wenzo huvuta waya, na waya huvuta kihamisha cheni. Wenzo wa kulia ni wa sproketi za nyuma, na wenzo wa kushoto ni wa sahani za mbele.

GIA HUFANYA KAZI GANI?

Watu wengi hudhani gia ni za kuongeza mbio. Sivyo. Gia haiongezi nguvu hata chembe. Nguvu ni zile zile za miguu yako na chai uliyokunywa asubuhi. Kazi ya gia ni kukupa nafasi ya kuzitumia nguvu hizo kidogo kidogo au kwa pamoja, kulingana na njia. Ukitaka pedali iwe nyepesi, utakubali kwenda hatua fupi. Ukitaka hatua ndefu, utakubali pedali iwe nzito. Katika somo la fizikia twafundishwa jambo hilo hilo: unachopunguza katika nguvu unakilipa katika umbali.

Tuchukue mfano wa baiskeli ya zamani ya gia kumi. Mbele ina sahani mbili, moja ya meno 52 na nyingine ya meno 40. Nyuma ina sproketi tano za meno 14, 17, 20, 24 na 28. Gurudumu lake likizunguka mara moja hupita kama mita 2.1 za barabara. Ili kujua pedali ikizunguka mara moja utakwenda umbali gani, gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa 2.1.

Sahani kubwa ya meno 52:
Sproketi 14: mita 7.8
Sproketi 17: mita 6.4
Sproketi 20: mita 5.5
Sproketi 24: mita 4.6
Sproketi 28: mita 3.9

Sahani ndogo ya meno 40:
Sproketi 14: mita 6.0
Sproketi 17: mita 4.9
Sproketi 20: mita 4.2
Sproketi 24: mita 3.5
Sproketi 28: mita 3.0

Tazama vizuri. Gia nzito kabisa yakupeleka mita 7.8 kwa mzunguko mmoja, na gia nyepesi kabisa mita 3.0. Sasa linganisha na Black Mamba. Moja tuliyoihesabu meno ilikuwa na 44 mbele na 18 nyuma, na gurudumu lake kubwa lapita kama mita 2.2. Hesabu yake yatupa takriban mita 5.4, mlimani na mteremkoni, mchana na usiku. Haina ngazi ya kushukia.

Tuseme wapanda mlima kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, yaani mita 133 kwa dakika. Kwa Black Mamba miguu itazunguka mara 25 tu kwa dakika, na kila mzunguko utakuwa ni wa kukaza meno. Kwa gia ya mita 3.0 itazunguka mara 44. Mwendo ni ule ule, mlima ni ule ule, lakini kila mzunguko ni mwepesi kwa karibu nusu. Magoti yatakushukuru.

Jambo la pili katika orodha ile ni kwamba si gia zote kumi zina faida. Sahani kubwa na sproketi 28 yatoa mita 3.9. Sahani ndogo ina 4.2 na 3.5 karibu yake, basi hiyo ya kwanza ya nini? Tena katika gia hiyo cheni hukaa mshazari, kutoka sahani ya nje hadi sproketi ya ndani, ikajisaga na kupiga kelele. Vivyo hivyo sahani ndogo na sproketi ndogo kabisa. Gia hizo mbili za mshazari ziepuke.

AINA TATU ZA NYENZO

Aina ya kwanza ni nyenzo zilizofungwa kwenye bomba la fremu, chini ya usukani. Hizi ndizo za baiskeli nyingi za zamani. Ukiuvuta wenzo wa kulia kuelekea kwako, waya hukazika na cheni hupanda sproketi kubwa, pedali ikawa nyepesi. Ukiusukuma mbele, waya hulegea na cheni hushuka sproketi ndogo, pedali ikawa nzito. Wenzo wa kushoto nao ukivutwa huipandisha cheni kwenye sahani kubwa. Hapa pana tofauti ya kukumbuka: mbele, sahani kubwa ndiyo nzito, nyuma, sproketi kubwa ndiyo nyepesi. Nyenzo hizi za zamani hazina alama ya kukuambia umefika. Wavuta kidogo kidogo huku ukisikiza. Cheni ikinyamaza, imekaa. Ikiendelea kulia kra-kra-kra, iko kati ya sproketi mbili, basi usogeze wenzo kwa upana wa unyasi hadi inyamaze.

Aina ya pili inafanana na ya kwanza lakini ina mlio. Kila gia ina kituo chake, "tik", na wenzo hukaa hapo wenyewe. Kampuni ya Shimano ya Japani ilileta mpango huo katika baiskeli za mashindano mwaka 1984, na tangu hapo kubadilisha gia kukawa hakuhitaji tena sikio la fundi.

Aina ya tatu ni nyenzo zilizounganishwa na breki. Shimano ilizitoa mwaka 1990, na Campagnolo ya Italia ikafuata mwaka 1992. Faida yake ni kwamba huondoi mkono kwenye usukani. Katika zile za Shimano, mpini wenyewe wa breki ukiusukuma kwa ndani, kwa upande, huwa ndio wenzo mkubwa. Nyuma yake kuna kijiwenzo kidogo. Kanuni yake ni rahisi na haibadiliki mkono wa kulia wala wa kushoto: wenzo mkubwa huipeleka cheni kwenye duara kubwa, wenzo mdogo huipeleka kwenye duara dogo. Katika zile za Campagnolo, wenzo ulio nyuma ya breki ndio wa duara kubwa, na kitufe cha kidole gumba ndicho cha duara dogo.

Baiskeli yako ikiwa na aina nyingine, kwa mfano ile ya kuzungusha mpini, usihofu. Iinue gurudumu la nyuma, mwenzako akuzungushie pedali, nawe ubadilishe gia moja moja huku ukitazama cheni yenda wapi. Dakika tano za kutazama zashinda mwezi wa kubahatisha.

KANUNI SITA ZA KUBADILISHA GIA

1. Miguu izunguke. Cheni haiwezi kuhama ikiwa imesimama. Usibadilishe gia baiskeli ikiwa imesimama, wala usizungushe pedali kinyumenyume.

2. Legeza mkanyago. Wakati wa kubadilisha, endelea kuzungusha lakini usikanyage kwa nguvu, kana kwamba pedali ni yai. Ni nusu ya mzunguko tu, kisha waendelea kama kawaida.

3. Badilisha mapema. Ukiuona mlima kwa macho, vidole viwe tayari. Ukiusikia kwenye mapaja, umeshachelewa.

4. Gia moja kwa wakati mmoja. Usiruke kutoka nzito kabisa hadi nyepesi kabisa kwa mvuto mmoja. Wala usivute nyenzo mbili pamoja.

5. Kabla ya kusimama, weka gia nyepesi. Ukifika kwenye taa, kituo cha matatu au foleni ya feri ukiwa na gia nzito, kuondoka kwako kutakuwa kwa kuyumba, na kuyumba mbele ya tuktuk si mchezo.

6. Macho yawe barabarani. Usiinamie cheni kuona imefika wapi. Sikiza mlio wake na usikie uzito wa pedali.

Ikitokea umezidiwa mlimani na hukubadilisha mapema, usilazimishe. Ishara kwa mkono, toka barabarani, shuka, usukume. Kusukuma baiskeli si dhambi. Fundi mmoja mzee wa Kongowea alituambia maneno niliyoyapenda: "Cheni ni kama punda, mwanangu. Ukimpiga akiwa amebeba mzigo atakaidi. Mpunguzie mzigo kwanza, ndipo umwambie ageuke."

MAZOEZI YA JUMA MOJA

Usiende kujifunza barabara kuu. Tafuta uwanja au njia ya mtaani isiyo na magari, asubuhi ya Jumapili, na ufuate mpango huu.

Siku ya kwanza: tumia mkono wa kulia peke yake. Cheni ikae kwenye sahani ndogo ya mbele. Panda sproketi moja, zunguka uwanja, shuka moja. Rudia hadi usifikirie.

Siku ya pili: funza masikio. Mwenzako apande nyuma yako akuulize, "Uko gia gani?" Jibu bila kuinama.

Siku ya tatu: hesabu miguu. Kwa sekunde 15 hesabu mguu wa kulia umeshuka mara ngapi, kisha zidisha kwa 4. Anayejifunza akiwa kati ya 60 na 70 kwa dakika yuko sawa. Waendeshaji wa mashindano hukaa 80 hadi 100. Ukiwa chini ya 50 kwenye tambarare, gia yako ni nzito mno, hata kama unajiona shujaa.

Siku ya nne: weka jiwe uwanjani na ujifanye ni taa nyekundu. Kabla ya kulifikia, teremsha gia hadi iwe nyepesi, simama, kisha ondoka bila kuyumba.

Siku ya tano: ongeza mkono wa kushoto. Kuhama kutoka sahani kubwa hadi ndogo ni badiliko kubwa, basi miguu itazunguka kwa ghafla. Ndiyo sababu sahani ya mbele hubadilishwa mara chache, na sproketi za nyuma mara nyingi.

Siku ya sita: tafuta mwinuko mfupi. Chagua alama kabla ya mwinuko, mti au nguzo ya stima, na useme, "Hapa ndipo nibadilishapo." Usingoje zaidi ya alama ile.

Siku ya saba pumzika, upanguse cheni.

NJIA ZETU WENYEWE

Sasa tuyalete masomo nyumbani.

Anayetoka Likoni hukutana na kivuko. Ukiingia feri wateremka, na ukitoka ng'ambo wapanda, iwe ni upande wa kisiwani au upande wa Likoni kwenyewe. Maana yake, ile gia iliyokufaa kuteremkia itakusaliti ukishuka kwenye feri. Basi iweke gia nyepesi kabla ya kufika foleni, wakati pedali zingali zazunguka. Ukiwa ndani ya feri huwezi kuibadilisha tena, kwani baiskeli imesimama. Ukishuka, sukuma hadi umati upungue, ndipo upande.

Anayetoka Kisauni kwenda kisiwani hupita Kongowea na Daraja la Nyali. Kongowea kuna mikokoteni, wachuuzi na matatu zinazosimama bila kuaga. Hapo gia ya katikati ndiyo bora, kwa sababu wasimama na kuondoka kila mara. Darajani upepo wa bahari huweza kukuzuia kama mlima. Watu wengi hawajui kwamba upepo nao hubadilishiwa gia. Ukiusikia kifuani, shuka gia moja, uzidi kuzungusha miguu kwa utaratibu ule ule.

Anayekwenda Changamwe ana mlima na malori ya bandarini. Kwake kanuni ya tatu ndiyo ngao. Abadilishe akiwa bado kwenye tambarare, aende kwa mstari ulionyooka kando ya barabara, asiyumbe. Mtu anayezungusha pedali nyepesi huenda moja kwa moja. Mtu anayekanyaga pedali nzito huyumba kulia na kushoto kwa kila hatua, na katika njia ya trela mtikisiko wa futi moja ni mkubwa.

AIBU YA GIA NYEPESI

Kuna jambo jingine linalotudhuru, nalo ni kuchekana. Mwanafunzi akionekana anazungusha miguu haraka haraka kwa gia nyepesi, wenzake humwambia, "Wewe waendesha kama mtoto!" Ndipo huweka gia nzito ili aonekane mwanamume, akafika darasani hoi, akalala somo la kwanza.

Upuuzi huu si wetu peke yetu. Mbio za Tour de France zilianza mwaka 1903 chini ya Henri Desgrange. Bwana huyo hakuzipenda gia za kubadilisha. Aliona ni za wazee, na mwanariadha wa kweli ashinde kwa misuli yake. Huku mpinzani wake Paul de Vivie, wa mji wa Saint-Étienne, aliendelea kuzisifu gia na kuwaonyesha watu jinsi zinavyomwezesha mtu wa kawaida kupita milimani. Waendeshaji wa Tour ilibidi washuke kwenye baiskeli, wafungue gurudumu la nyuma na kuligeuza ili wapate sproketi ya upande wa pili. Ni mwaka 1937 ndipo vihamisha cheni viliporuhusiwa rasmi. Leo hakuna anayeshindana milimani bila gia. Wakati ulimjibu Desgrange.

Na ushahidi wa karibu zaidi upo. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alipokuwa kijana alifanya mazoezi na David Kinjah kule Kikuyu. Baadaye, akiendesha kwa jina la Uingereza, alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2013 alipowaacha wenzake kwenye mlima Ventoux, Ufaransa, alikuwa amekaa kitini huku miguu ikizunguka kama cherehani. Hakukaza gia nzito. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio hizo na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, katika vilima vya Kigali, Rwanda. Mabingwa wa dunia nzima walipanda milima ile kwa gia nyepesi bila haya. Sisi wa Mikindani na Mtongwe twaona haya ya nini?

CHUMVI NA WAYA

Baiskeli ya pwani ina adui ambaye baiskeli ya bara hana, yaani hewa ya chumvi. Waya wa gia ukishika kutu ndani ya mfereji wake, wenzo huwa mgumu na cheni hukataa kuhama au huhama kwa kuchelewa. Wengi hudhani gia zimekufa, kumbe ni waya tu. Kila juma panguse cheni kwa kitambaa kikavu, tia mafuta mepesi ya mashine tone tone, zungusha, kisha panguse yaliyozidi. Usitumie mafuta ya kupikia. Hunata, yakashika mchanga, na mchanga husaga meno kama tupa.

Cheni ikianza kuchelewa kupanda, tafuta kile kikarafati kidogo cha kuzungusha kwa mkono pale waya unapoingia kwenye kihamisha cheni cha nyuma. Kizungushe nusu mzunguko tu, ujaribu. Lakini zile skrubu mbili zenye herufi H na L usiziguse kama huna ujuzi. Hizo ndizo mipaka ya kuizuia cheni isianguke nje wala isiingie kwenye spoku. Hapo kuuliza si ujinga, mpelekee fundi.

TAMATI

Wenzangu, baiskeli ni hazina. Yaokoa nauli, yakujenga mwili, na hairudi nyuma kwa bei ya mafuta. Lakini nyenzo zake zataka akili kuliko misuli. Tuwafundishe wadogo zetu kabla hawajajifunza barabarani mbele ya magari, na aliye na baiskeli ya gia ampe mwenzake zamu uwanjani. Itakuwa furaha kubwa mwaka mzima ukipita pasiwe na hata mmoja wetu aliyetokwa na cheni mlimani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini gia haibadilishwi baiskeli ikiwa imesimama?
2. Sahani ina meno 48 na sproketi ina meno 24. Gurudumu lapita mita 2.1. Pedali ikizunguka mara moja utakwenda mita ngapi?
3. Taja gia mbili za kuepukwa, na ueleze sababu.
4. Wakaribia kivuko cha Likoni. Utaweka gia gani, na utaiweka wakati gani?
5. Mwenzako akicheka gia yako nyepesi, utamjibu nini?

Jibu la swali la 2 ni mita 4.2. La 5 nakuachia mwenyewe, ila umjibu ukiwa umeshamtangulia mlimani.